Kayumba au midiamu? Mi nina mtoto kila upande hapa Mwanza, sikilizeni

Kila Oktoba ikikaribia, uandikishaji wa awali na darasa la kwanza ukitaka kuanza, pale Mwaloni Kirumba ninapouza dagaa nageuka ofisi ya elimu. Wenzangu wanajua nina mtoto kila upande, mkubwa yuko inglishi midiamu, yaani shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza, darasa la sita, wa pili yuko Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili, darasa la tatu, na kitinda mimba ndo anatakiwa aanze mwakani, kwa hiyo mtu ananunua gunia lake, anafunga, analipa, halafu badala ya kuondoka anaegemea mzigo ananiuliza, "Hivi dada, wangu nimpeleke wapi?" Swali lenyewe nalijua linapoelekea, anataka nimwambie midiamu ndo yenyewe ila hela, au nimwambie Kayumba inatosha ili asijisikie vibaya. Simwambii hata moja kati ya hayo. Na mimi namuuliza: daftari la mwanao utaliona saa ngapi, na ukiliona utalielewa?

Niseme kwanza ilikuwaje maana watu wanadhani nilipanga. Sikupanga. Mkubwa alianza kipindi dagaa wanalipa, mimi na baba yake tukasema mtoto wetu asipate tabu ya Kiingereza tuliyoipata sisi kidato cha kwanza, tukajikamua tukalipa. Wa pili alipofikisha umri 2024 mtaji ulikuwa umeyumba, tukaona tukilazimisha wawili watarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada wote wawili, akaenda Kayumba hapa hapa Kitangiri kwa miguu yake. Nililia kidogo, sisemi uongo. Sasa huu mwaka wa tatu wanasoma huku na huku, jioni madaftari yanakutana kwenye meza moja, na niliyoyaona kwenye hiyo meza hayapo kwenye kipeperushi cha shule yoyote.

Hela tuimalize haraka

Midiamu ya mkubwa ni ya kawaida tu, si zile za wenye nazo. Ada milioni moja na laki tatu kwa mwaka, basi laki nne na ishirini, halafu kuna sare za aina mbili na sweta lenye nembo ambalo lazima ulinunue palepale shuleni, kuna hela ya mahafali hata kama mwanao hamalizi, kuna ziara ya kwenda kuona wanyama kisiwa cha Saanane ambayo mtoto asipokwenda analia wiki nzima. Jumla nikiweka milioni mbili kwa mwaka sijakosea sana.

Kayumba ada hakuna tangu Januari 2016, hilo kila mtu analijua, ila neno bure limewaponza wengi maana wanasikia bure wanajua mtoto anaenda mikono mitupu. Sare utanunua, madaftari utanunua, ufagio na kidumu cha maji vitaulizwa (ziwa tunaliona hapo chini lakini mlimani kwetu bomba linatoka likijisikia), uji mnachangia, mitihani ya kila mwezi mnachangia karatasi, na masomo ya ziada ya jioni mia tano kwa siku. Ile mia tano ndo inayokula, mtu haioni, ila kwa mwaka inakaribia laki moja. Mimi yote pamoja laki mbili na nusu inaisha. Michango kwa miongozo ya serikali ni hiari na wazazi wanatakiwa wakubaliane, kwa hiyo ukiona mtoto karudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango usinung'unike kwenye kibanda cha chipsi, nenda kamuulize mwalimu mkuu huo mchango ulipitishwa kikao gani, nakuhakikishia mtoto anaingia darasani palepale.

Basi. Kama hiyo milioni mbili huna, usikope kikoba ukalipe ada, nimeona watu muhula wa kwanza mtoto yuko kwenye basi la njano, muhula wa pili yuko nyumbani anaangalia katuni, muhula wa tatu anahamishwa katikati ya mwaka akiwa hajui yuko wapi. Hicho ni kibaya kuliko shule yoyote.

Darasani kwenyewe

Hapa ndo nataka tukae.

Wa pili alipokuwa darasa la kwanza niliomba kukaa nyuma ya darasa asubuhi moja na mwalimu akakubali bila shida, akanipa hata kiti chake. Kanuni inasema mkondo mmoja watoto 45. Mimi nilihesabu vichwa nikaachia tisini na kitu maana wengine walikuwa wanahamahama, dawati la watu watatu limekaliwa na wanne na wa tano kajibanza kwenye ncha na tako moja. Nikasema mungu wangu hapa mtu atajifunza nini.

Halafu yule mama akaanza kufundisha. Kila mtoto alikuwa na vizibo vya soda kumi kwenye kopo au kamfuko. Akasema, "Bibi ana samaki wanane, paka kaiba watatu, paka tumfanyeje?" Watoto wakapiga kelele tumchape, akacheka, akasema haya kabla ya kumchapa tuhesabu hasara ya bibi, na madawati yote ukasikia vizibo vinasogea tikitiki. Tisini wamenyamaza, wanasogeza vizibo. Nilitamani ningefundishwa hesabu hivyo. Lakini kwenye kusahihisha sasa, ndo ukweli ulipo, alianza kupita na kalamu nyekundu anasahihishia juu ya mikono ya watoto, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kengele ikalia yuko katikati. Wangu alikuwa nyuma dirishani. Daftari lake lilikuwa na siku tatu halijaguswa. Nilipomuuliza mwalimu hakununa, akaniambia kila Jumatatu mstari wa nyuma unakuja mbele, "kwa hiyo mama wiki ijayo wako nitamwona kila siku, hizi siku zilizobaki niangalizie wewe." Niangalizie wewe. Hilo neno nimetembea nalo mpaka leo.

Na madarasa ya juu kidogo wakizidiwa wanaambiwa wabadilishane madaftari wasahihishane, sasa hapo urafiki unaingia, wangu alishawahi kupata kumi kwa kumi zenye makosa mawili kwa sababu aliyemsahihisha wanagawana karanga.

Sasa njoo midiamu. Darasa la mkubwa wako 34, kila mtu na kiti chake, ukutani michoro ya rangi, ukiingia wanasimama wanakusalimia kwa wimbo mpaka unajisikia waziri. Daftari linasahihishwa kila siku bila kukosa. Nilifurahi mwaka mzima. Mpaka siku moja ya mbalamwezi, siku ambazo mitumbwi ya dagaa haitoki, sina kazi nikalisoma daftari badala ya kuhesabu vema, nikakuta saba mara nane ni hamsini na nne, vema nyekundu kubwa pembeni na kastika ka nyota. Ukurasa wa pili yake kosa jingine, vema. Nikaenda. Yule ticha kijana wa watu aliona aibu, akaniambia ukweli, kwamba Ijumaa meneja anakagua madaftari yote yawe yamesahihishwa na yeye ana madarasa matatu, kwa hiyo Alhamisi usiku anatiki tu. Yaani Kayumba halijasahihishwa na unaliona halijasahihishwa, midiamu limesahihishwa na halijasomwa. Mimi hapo ndo nilianza kufungua madaftari yote mawili kwa macho yaleyale.

Na kuna jambo la lugha ambalo watu wanalipita haraka. Mkubwa alipokuwa darasa la kwanza alirudi siku moja kaptula imelowa. Nikamuuliza umecheza na maji? Kimya. Usiku ndo akamwambia baba yake kwamba alibanwa darasani, Kiingereza cha kuomba ruhusa kilimtoka kichwani, na akiomba kwa Kiswahili anavishwa kibao shingoni cha aliyeongea Kiswahili anatembea nacho mpaka ampate mwingine wa kumkabidhi. Mtoto wa miaka saba akaona bora ajikojolee. Nilikwenda shule, walisema wataliangalia, wakaliangalia kweli kwa muda. Ila hilo kaptula sijalisahau, na ukienda kutembelea shule usiulize kama wanaongea Kiingereza, uliza mtoto asiyekijua bado anaombaje kwenda chooni.

Upande wa pili nisiwe mnafiki. Leo hii mkubwa anaongea Kiingereza kinachotiririka, anasoma kitabu chake cha sayansi peke yake, akienda sekondari ambako karibu kila kitu ni Kiingereza hatakuwa na ile miezi ya kukaa kama bubu. Wa pili Kiingereza chake ni cha somo, anasoma sentensi, anaimba, ukimuuliza swali anakujibu kwa Kiswahili anacheka. Ataingia kidato cha kwanza na zile wiki za mwanzo za kozi ya kuwavusha, na sote tuliopita huko tunajua hizo wiki zinavusha nini. Hilo ni pengo la kweli na mzazi wa Kayumba lazima aanze kuliziba mapema, hata kwa redio, hata kwa kitabu kimoja cha hadithi.

Lakini pengo lina pande mbili. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mama mkwe anakuja kutoka Sengerema wikiendi yoyote anayotaka, hangojei kivuko tena, na juzi kaja na dawa zake za presha, kamwambia mkubwa, "Mjukuu wangu nisomee hapa." Bahasha imeandikwa kwa mkono wa daktari kwa Kiswahili, kimoja asubuhi baada ya chakula, usiache hata ukijisikia nafuu. Mkubwa akaanza, akakwama kwenye nafuu, akasoma nafu, akasema bibi mwandiko mbaya. Mdogo wake akaichukua akaisoma yote kama mtangazaji. Bibi akasema wabeja, asante ya Kisukuma, akampa yeye mia mbili. Mkubwa alinuna mpaka Jumatatu. Halafu jioni hiyohiyo simu ya bibi ikaleta maandishi ya Kiingereza ikagoma kuwaka vizuri, aliyeitengeneza ni mkubwa.

Sasa wewe mzazi unaingiaje

Hili ndo jambo lenyewe, na ndo tofauti kubwa kuliko majengo.

Midiamu shule inakuja kwako. Kuna dayari, kila siku ticha anaandika kazi ya nyumbani na unasaini. Kuna grupu la wasapu, kazi inapigwa picha inarushwa saa kumi na mbili jioni, wazazi wanajibu kwa vikatuni vya kupiga makofi. Kuna siku ya wazazi Jumamosi mara mbili kwa mwaka, unakaa na ticha dakika kumi, anakuonesha alama. Likizo kuna pakeji ya kazi za kufanya nyumbani, imechapwa, imepigwa pini. Kila kitu kimepangwa na kwa mzazi wa ofisini anayetoka saa kumi na moja ni raha, unaingia nyumbani unakuta taarifa inakungoja.

Ila mimi ni mtu wa dagaa. Sisi kalenda yetu ni mwezi wa angani. Siku za giza, usiku usio na mwezi, mitumbwi inatoka na taa, alfajiri mzigo unaingia, hapo siongei na mtu, narudi nyumbani saa nne usiku nanuka samaki, dayari naisaini nikiwa nasinzia. Kuna muhula nilisaini siku ishirini na mbili bila kusoma hata moja, na hakuna aliyegundua, kwa sababu wanachokagua ni saini. Siku ya wazazi imenidondokea kwenye giza mara tatu na usipofika kuna faini ya elfu kumi. Nimelipa faini mbili. Na hata ukifika, wewe pale ni mteja. Unasikilizwa vizuri, unapewa soda, lakini ukisema hiki kibao cha Kiswahili mkitoe kabisa unaambiwa ni utaratibu wa shule, kama hupendi shule ni nyingi. Hapo ndo mwisho wa ushiriki wako, mlangoni.

Halafu Kiingereza chenyewe. Mkubwa akiwa la tano kanifuata usiku, "Mama, el-si-em ya nne na sita ni ngapi?" Nikamwambia hiyo sikusoma, muulize baba. Baba yake yuko Ukerewe na mzigo. Mtoto akakaa pale anaandika vigawe vya nne, nne nane kumi na mbili, vya sita, sita kumi na mbili, nikamwangalia begani nikapiga kelele: kumbe KDS! Kigawe Kidogo cha Shirika, niliyochapiwa viboko mpaka nikaijua nikiwa nimelala. Na sehemu zao vilevile, anahangaika na majina marefu ya Kiingereza kumbe ni kiasi na asili tu, cha juu na cha chini. Hesabu basi tukaelewana, nikawa namwambia usinitajie jina nioneshe unavyofanya. Lakini sayansi na maarifa ya jamii, ambako ni maelezo kurasa mbili, mimi nimetolewa nje. Mtoto wangu anasoma mbele yangu na siwezi kujua anachosoma ni kweli au anabahatisha. Hakuna ada inayorudisha hiyo.

Kayumba ni kinyume. Hakuna anayekuja kwako. Hakuna dayari, simu ya shule ukiiona ujue ni utoro au mchango. Kikao cha wazazi kinatangazwa kwa karatasi iliyokunjwa kwenye daftari, nusu zinapotea njiani, ukienda unakuta kina mama themanini na kina baba sita, na wawili kati ya hao sita ni wa kamati. Ajenda ya kwanza uji, ya pili mlinzi, ya tatu matundu ya vyoo, taaluma inafikiwa jua limeshakuwa kali na watu wanachungulia simu. Ukikaa unangoja uitwe, mwanao atamaliza shule ya msingi hujawahi kuongea na mwalimu wake.

Lakini mlango uko wazi. Mi siku za mbalamwezi, mitumbwi ikipumzika, naoga navaa naenda zangu shule saa nne wakati wa uji, sina miadi, namsalimia mwalimu wa zamu shikamoo maana ni mtu mzima, natafuta mwalimu wa darasa, dakika tano inatosha. "Mwalimu, wangu anakwama wapi?" Ananiambia palepale, anachanganya b na d, au kutoa kwa kukopa bado. Naondoka na kitu cha kufanya. Kwa mwezi mara moja. Mwalimu mwenye watoto tisini akishakujua uso, mwanao naye anakuwa na uso, sio tena yule wa dirishani. Na vitabu nimesoma mwenyewe, maana ni Kiswahili, hadithi anayosoma jioni na mimi naijua, akiruka mstari namkamata.

Na kingine, Kayumba unaweza kuamua. Kamati ya shule wazazi wanachaguliwa humo, mwalimu mkuu ndo katibu. Mimi nilichaguliwa kwa bahati mbaya, nilinyanyua mkono kuuliza hela ya karatasi za mtihani inakwenda wapi, watu wakasema huyu huyu. Tulipokuwa tunapanga chakula cha darasa la nne na la saba wanaobaki mchana nikasema hela sina ila dagaa ninao, makande yao yana dagaa mpaka leo. Na tukiwa mezani na mwalimu mkuu ndo nikauliza habari ya kusahihishana madaftari, wakakubaliana hesabu asahihishe mwalimu angalau mara mbili kwa wiki kila mtoto. Inafanyika? Wiki nyingine ndiyo, nyingine hapana. Lakini naijua na wanajua naijua.

Kabla hujalipa au kuandikisha, fanya hivi

Baraza la Mitihani siku hizi halitangazi shule kumi bora, ila matokeo ya kila shule yako kwenye tovuti yao, ya darasa la nne na ya la saba. Wengi wanaangalia wastani wa la saba wanasema wooo. Wewe angalia idadi. Chukua watoto waliofanya upimaji wa la nne mwaka fulani, halafu miaka mitatu mbele angalia waliofanya la saba shule hiyohiyo. Kama la nne walikuwa sitini na la saba thelathini na tano, uliza hao ishirini na tano wamekwenda wapi. Wengine wamehama kwa heri, wengine waliambiwa kwa upole kwamba mtoto wenu angefaa zaidi kwingine, ili wastani wa shule usichafuke. Wizara ilishakataza huo mchujo wa kujitungia wastani lakini mzazi akiitwa ofisini akaambiwa taratibu habishi, anahama. Jirani yangu ilimkuta, mtoto yuko la sita, kalipa miaka sita.

Pili omba kuona madaftari ya mtoto yeyote, si yale yaliyopangwa mezani. Tafuta tarehe. Wiki moja kuna kazi ngapi, na ile yenye kosa imefanyiwa masahihisho au imeachwa hivyohivyo. Daftari lenye makosa mengi yaliyorudiwa kufanywa ni zuri kuliko lenye vema tupu.

Tatu njia. Basi la mkubwa linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa sababu linazunguka mpaka Buswelu na Kiseke kwanza, anasinzia mpaka anafika, jioni anashuka saa kumi na mbili. Huyo ni mtoto na anakaa nje masaa kama mvuvi. Wa pili saa moja kasoro anatoka, anatembea dakika kumi na tano, shida yake ni moja tu, kuvuka barabara ya eapoti, na hapo tumepanga zamu kina mama watatu tunavusha kundi zima.

Bweni sitalisema sana. Tangu Machi 2023 kwa waraka wa wizara awali mpaka darasa la nne ni marufuku kulala bweni isipokuwa kwa kibali maalum, kwa hiyo anayekwambia mlete wa darasa la pili alale muulize kibali chake. Kuanzia la tano ni maamuzi yako, ila ukimpeleka huko hii habari yote ya daftari la jioni inakufa.

Na wenye watoto wa rika la mkubwa wangu msisahau 2027. Walioanza mtaala mpya darasa la tatu mwaka 2024 wanaishia la sita, wangu aliyewatangulia anamaliza la saba, wote mwaka mmoja, wote wanaingia kidato cha kwanza Januari 2028. Anayetaka kuhamisha mtoto huko juu aulize kwanza mwanae yuko kundi lipi, nimeshakutana na wazazi wawili hawajui.

Haya, nani aende wapi

Kama wewe au mwenzio mnasoma Kiingereza bila kubabaika, mmoja anafika nyumbani kabla ya saa moja jioni, na ada ya miaka yote ipo bila kuuza kiwanja, midiamu ina faida na utaipata hiyo faida, maana dayari utaisoma na sayansi utaielewa. Kama Kiingereza mnacho lakini hamna muda, midiamu itawapa ripoti nzuri na mtaiamini, angalieni hapo. Kama Kiingereza hamna na muda mnao hata wa kuokoteza kama wangu wa mbalamwezi, Kayumba ya karibu unayoweza kufika kwa miguu inakushinda vipi? Mchango wako pale unaonekana. Kama hamna muda na hamna lugha, basi tafuteni mtu, shangazi, dada wa sekondari wa jirani, mlipeni hata elfu ishirini kwa mwezi akae na mtoto jioni, na mpelekeni Kayumba, maana milioni mbili haitakaa naye mezani.

Mkubwa simhamishi, kabakiza mwaka mmoja na ameshazoea, ila nimeanza kumsomesha gazeti la Kiswahili kila Jumapili, analalamika kama nimempa adhabu. Kitinda mimba anaenda Kayumba na safari hii sijalia. Mtaji umerudi kidogo, ningeweza kujikamua, baba yake alitaka, tukabishana siku mbili, nikamuuliza ile pakeji ya likizo ya Disemba iliyopita nani aliisoma. Akanyamaza akasema sawa.

Cheti cha kuzaliwa nimeshakitoa kwenye begi la nyaraka. Vizibo vya dada yake bado viko kwenye kopo la maziwa, kavichukua juzi kavihesabu mara tatu, viko tisa, na anadai cha kumi dada yake kakitupa makusudi.